Mnaojiita wapenzi wa Papa Wemba, hiyo video ya Abidjan ifuteni

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bolingo la zamani. Haya ni malalamiko, nimeandika nikiwa na hasira, na sitaki yapotelee kwenye maombi ya nyimbo.

Niko, au tuseme nilikuwa, kwenye kundi moja la wapenzi wa rumba ya Kongo. Jina silitaji. Kila ikifika tarehe 24 Aprili, siku aliyofariki mwimbaji wetu Papa Wemba, kabla sijanawa uso, nakuta simu imejaa kitu kilekile: ile video. Mnaijua. Mzee yuko jukwaani Abidjan, Ivory Coast, wanenguaji wako mbele yake wanacheza, yeye nyuma yao anaporomoka. Wanaendelea kucheza kwa sababu hawajamwona. Halafu watu wanamkimbilia. Chini ya video, mishumaa, vikatuni vya machozi, "pumzika nguli". Na kuna bwana mmoja ambaye kila mwaka lazima aandike "inauma sana, tazameni mpaka mwisho".

Tazameni mpaka mwisho! Mwisho upi, mkuu?

Nimevumilia miaka minne. Mwaka huu mmoja wetu ameipunguza mwendo, akachora duara jekundu pale mzee anapoanza kuyumba, kisha akapachika juu yake muziki wa kinanda wa kuhuzunisha. Wa kinanda, jamani. Yaani kamzima sauti Papa Wemba ili tumlilie vizuri Papa Wemba.

Hapo ndipo nikaandika. Kwa adabu kabisa: wazee wangu, ndugu zangu, maiti husitiriwa, huyu ana watoto na wajukuu wenye simu kama zetu, tuweke nyimbo zake badala ya hii. Majibu yakaja kama mvua ya mawe. "Hii ni historia." "Usitupangie namna ya kulia." "Kama hutaki kuangalia, pita." Kiongozi wa kundi, mtu wa rika la baba yangu mdogo ambaye sijawahi kuacha kumpa shikamoo, akanitumia ujumbe wa sauti kwamba naleta ujuaji msibani. Jioni nafungua simu, nimeshatolewa. Sawa, kundi ni lao. Lakini sikumaliza kusema, namalizia hapa.

Hivi mnajua mama yake Papa Wemba alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa mwimbaji wa misibani. Anaitwa penye kilio, anaongoza maombolezo. Huyo mtoto, Shungu Wembadio, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949, alikua akimsikiliza, na ukubwani alikuwa akimtaja mama yake kuwa ndiye mwalimu wake wa kwanza. Ile sauti yake nyembamba, inayopanda mpaka unadhani inakatika, halafu haikatiki, inaning'inia huko juu inatetemeka, wengine mnadhani ni ufundi wa studio. Mimi nasikia matanga. Hata wimbo wa mapenzi akiuimba kuna mtu anazikwa mahali fulani ndani yake.

Sasa mwimbaji wa msibani hufanya nini? Anamtaja marehemu kwa jina. Anataja kwao, watu wake, aliyoyatenda, anamsifu, pengine anamlaumu kwa kuondoka mapema. Sijawahi kuona wala kusikia msiba ambao mwombolezaji anasimama katikati ya watu kuwaonyesha namna marehemu alivyokata roho, halafu anarudia tena kwa mwendo wa polepole ili waliochelewa waone.

Mnasema ni historia. Haya, tuongee historia, maana mwaka juzi niliuliza mlemle kundini ni nani anaikumbuka bendi yake ya zamani, Isifi Lokole, nikajibiwa na stika ya mtu anakuna kichwa.

Papa Wemba ni miongoni mwa vijana walioanza na bendi ya Zaïko Langa Langa, Kinshasa, mwisho wa 1969. Vijana watupu, wakaviweka kando vyombo vya kupuliza vya akina Franco na Tabu Ley, wakalipa gitaa na ngoma nafasi ile. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea mnayoirukia harusini leo, ina mkono wao mkubwa. Mwaka 1974 akatoka na wenzake wakaunda Isifi Lokole, ikaja Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaanzisha bendi yake, Viva la Musica. Lokole ni ile ngoma ya gogo, ya kupelekea habari kijiji hadi kijiji. Yeye aliiingiza katikati ya magitaa ya umeme na haikuonekana mgeni.

Halafu kuna Molokai. Mtu alichukua mitaa ya pale kwao Matonge, Kinshasa, yaani Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia, akaunganisha mianzo ya majina yake akapata "kijiji", na yeye mwenyewe akajitawaza kuwa chifu wa kijiji hicho. Katikati ya jiji! Vijana wakaja kwake kujifunza kuimba, kuvaa na kutembea. (Mambo ya kuvaa siyaanzi, maana akina sisi wenye viatu pea mbili tutaumia.) Bendi yake ilikuwa chuo. Koffi Olomidé alipita pale. Kester Emeneya alipita pale. Awilo mnayemjua kwa kuimba, pale alikuwa mpiga dramu.

Na kwa kuwa nimemtaja Emeneya: Aprili iliyopita kuna aliyeweka wimbo wa Emeneya na bendi yake Victoria Eleison, juu kaweka picha ya Papa Wemba, akapata mioyo mingi kuliko mtu yeyote siku ile. Emeneya naye ni marehemu, tumempoteza Februari 2014. Mnamlilia maiti mmoja kwa sauti ya maiti mwingine na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Hii hasira yangu si ya ujuaji, au si ya ujuaji peke yake. Kuna kitu kinanitisha. Franco alifariki Oktoba 1989. Pepe Kalle, Novemba 1998. Hakuna aliyekuwa na simu ya kuwarekodi wakianguka, kwa hiyo ukitaja Pepe Kalle, kinachokujia ni lile jitu kubwa linacheza na wale wanenguaji wake wafupi, na sauti nzito inafuata. Ukimtaja Papa Wemba kwa kijana wa leo, anakwambia, "Yule aliyefia jukwaani?" Nimeambiwa hivyo na mpwa wangu mwenyewe. Karibu miaka hamsini ya kuimba, mtoto anazijua sekunde ishirini, tena zile ambazo haimbi.

Najua mtasema video yenyewe ilirushwa moja kwa moja na televisheni, haifutiki. Kweli. Alikuwa kwenye tamasha la FEMUA, lile la kundi la Magic System la hukohuko Ivory Coast, alfajiri ya Jumapili, Aprili 2016, ana miaka 66. Wiki ile kila chombo kiliionyesha, na mimi mwenyewe niliitazama, tena zaidi ya mara moja, sitajifanya mtakatifu. Watu walikuwa hawaamini. Lakini wiki ile ilipita. Alirudishwa Kinshasa, mwili ukawekwa Palais du Peuple, jengo la bunge, watu wakamuaga, akazikwa tarehe 4 Mei. Aliowazaa, aliyemuoa na waliocheza naye wakamaliza kumzika. Nyinyi huko kundini kila mwaka mnamtoa mnamwangusha tena.

Uvumi kwamba aliuawa kwa maikrofoni yenye sumu sitaugusa. Mwenye kuuamini aendelee, ila asiniletee voisi ya mganga.

Na kuna kundi la pili linaniudhi karibu sawa na la kwanza: wale ambao ukigusia kesi ya Ufaransa wanakurukia kwamba unamchafua marehemu. Alikamatwa mwaka 2003, mwaka uliofuata akatiwa hatiani kwa kuwaingiza watu Ulaya kwa kivuli cha wanamuziki wa bendi. Ilitokea. Iko ndani ya maisha yake na huwezi kuelewa nyimbo alizotoa baada ya jela ukiiruka. Angalieni maajabu haya: hukumu ya mahakama hairuhusiwi kutajwa kwa heshima ya marehemu, lakini dakika yake ya mwisho duniani inaruhusiwa kuzungushiwa duara jekundu. Heshima gani hii inayoficha alichofanya na kuonyesha alichofanyiwa na mwili wake?

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote mwenye kundi, ukurasa au kitu chochote chenye picha ya Papa Wemba na kofia zake: ikifika Aprili, mwambieni kila mtu alete wimbo mmoja na aseme aliusikia wapi mara ya kwanza. Basi. Baba yangu hakujua hata neno moja la Kilingala, na kila wimbo wake Analengo ukipigwa redioni alikuwa anaacha alichoshika mkononi. Hiyo ningeileta mimi. Sikupewa nafasi, kulikuwa na kinanda.

NYONGEZA 1: Mnaouliza ni kundi gani, hapana. Sitaki vita na wazee.

NYONGEZA 2: Mdau anayesema "anza na ipi, mimi ni mgeni", umeniponya moyo. Anza na Yolele, iko kwenye albamu ya Emotion ya mwaka 1995, aliyorekodi na Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Ni fupi, na utasikia ninachosema kuhusu sauti. Ukishaizoea rudi nyuma, Analengo ya Viva la Musica yenyewe, na Maria Valencia, usikilize kwa spika, si kwa spika ya simu. Usianzie mwisho kwenda mwanzo kama nilivyofanya mimi, nilipoteza miaka.

NYONGEZA 3: Mtu kanitumia ile video PM akiuliza "ni hii?". Ndiyo, ni hiyo. Nimeifuta. Mwingine asitume.