Mtaa una mita 8 ukuta kwa ukuta: utiwe lami bila njia ya waenda kwa miguu?

Mpima_Mitaa
Wadau, tujadili hili bila matusi. Mitaa ya Manzese, Tandale na kwingineko Dar ikitiwa lami inapata barabara na mitaro, basi. Mwenda kwa miguu anabanana na bajaji. Msimamo wangu: mtaa usio na njia ya miguu usitiwe lami. Mashimo angalau yanamtuliza dereva. Lami tupu inampa kasi.
Chukua mtaa wa mita 8. Barabara ya kupishana, mita 5.5. Mtaro wa sentimita 60 pamoja na kuta zake unakula 90, na iko miwili. Zinabaki sentimita 70, uzigawe pande mbili. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi atapita wapi? Na hata hizo 70, wenye mageti wameshazimwagia zege.

BabaGeti
Umeanza vizuri, mwishoni umeharibu. Mkandarasi anachimba mtaro mbele ya nyumba ya mtu, gari likiwa ndani, anaondoka. Mwenye nyumba aruke? Lile zege ni daraja lake. Mnawalaumu wenye mageti kwa kuwa ndio mnaowaona.

Mdau_Ilala
Mnahangaika bure. Hifadhi ya barabara ni mita 22.5 toka katikati. Nyumba zilizoingia humo zipigwe X nyekundu zibomolewe, njia ya miguu itapatikana.

Mpima_Mitaa
Mkuu, hiyo 22.5 ni ya zamani. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipandisha hadi 30 kila upande, tena ni kwa barabara kuu na za mkoa, zile za wakala wa barabara TANROADS. Mtaa ulio chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, hauna mita 30. Ukipiga X kwa kipimo hicho Tandale humbakizi mtu.

Fundi_Nondo
Baba, daraja halikataliwi. Ubaya ni bomba la chini yake. Mtaro ni sentimita 60 kwa 60, mtu anapitisha bomba la inchi 6. Pigeni hesabu: tundu la bomba hilo ni kama sehemu moja ya ishirini ya tundu la mtaro. Chupa tatu na tope kidogo, limeziba. Masika maji yanapanda, yanamwagikia barabarani, yanachimba ukingo wa lami kwa chini. Ukingo ukimeguka, magari yanakwepa yakiparamia upande wa watu.
Acheni mtaro upana wake wote, ufunikwe kwa slabu. Za kupita watu, kwa sentimita: urefu 90, upana 30, unene 10. Moja ina kilo kama 65, watu wawili wanaibeba. Mbele ya geti unene uwe 15, nondo za milimita 12. Zege la saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, limwagiliwe siku 7. Na nondo zikae chini, sentimita 3 toka uso wa chini. Nyingi zinazovunjika ukizitazama, nondo ziko katikati au juu, wakati slabu huanza kupasuka kwa chini.

BabaGeti
Slabu ya unene 15 ina karibu kilo 100. Kusafisha mtaro niite vijana wanne? Ndiyo maana watu wanamwaga zege moja kwa moja.

Fundi_Nondo
Hufungui za kati, Baba. Geti la mita 3, slabu za mwanzo na za mwisho zipewe matundu mawili ya kupitishia ndoano. Koleo lenye mpini mrefu linaingia toka pande zote mbili. Mifuniko ya chuma msiiguse, inaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Dada_Sinza
Kwa nini hamsemi kuhusu kimo? Daraja linainuliwa hadi lilingane na uwanja wa mwenye geti, linakuwa kilima katikati ya njia. Mwenye kiti cha magurudumu anateremka barabarani kila geti. Njia ibaki bapa. Gari ndilo lipande, pale kwenye ukingo wa sentimita 15 tu. Na upana peke yake si dawa: Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma, na bado watu wanatembea kwenye lami kwa sababu pembeni kumeegeshwa magari.

Mdau_Ilala
Wekeni nguzo, bodaboda na magari yakome.

Dada_Sinza
Nguzo zenye uwazi wa mita 1 zinazuia gari na bajaji. Bodaboda anapita, usukani wake haufiki hata sentimita 90. Ukibana umzuie, umezuia na kiti cha magurudumu. Wa bodaboda dawa yake ni matuta barabarani na askari, nguzo hapana.

Mpima_Mitaa
Narudi kwenye mita zangu 8. Inawezekana mtaro ukawa mmoja. Lami ilalie upande mmoja kwa asilimia 2.5, yaani sentimita 14 toka ukingo hadi ukingo. Barabara mita 5.5, mtaro sentimita 90, zinabaki mita 1.6 upande uleule wa mtaro. Funika mtaro, una njia ya mita 2.5. Amend, shirika la usalama barabarani, walifanya kazi za gharama ndogo kuzunguka shule hapa Dar, njia za miguu, matuta, vivuko, wakapata tuzo ya miji ya Ross Prize 2019. Kuna shule zilihamishiwa hata geti.

BabaGeti
Geti tena! Na wa upande usio na mtaro ataelekeza wapi maji ya paa lake?

Fundi_Nondo
Bomba la inchi 4 chini ya lami hadi mtaroni, lilazwe kabla ya kifusi kushindiliwa. Likisahaulika, lami itakatwa mwezi wa kwanza.

BabaGeti
Na alipe nani?