Asilimia 80 gani hiyo? Mlichowafanyia waendeshaji pale Menengai Jumapili

Wadau wa baiskeli, nimengoja waandaaji wa mbio za baiskeli za mlima za Jumapili pale Menengai, Nakuru, waseme neno, wamekauka. Walichoweka kwenye kundi la WhatsApp ni majina ya waliomaliza, basi. Wengine wote wamefutwa kana kwamba hawakulipa ada, hawakuvaa namba wala hawakumeza lile vumbi. Sasa acha niseme mimi.

Kwa wasiozijua mbio hizi: krosi-kantri ya baiskeli za mlima ni mzunguko mfupi unaorudiwa, kwa kawaida kilomita 4 hadi 6, na wakubwa hukimbia kama saa moja na nusu. Aliye nyuma sana anaweza kupitwa na kiongozi mzunguko mzima, na kwenye kinjia cha upana wa mpini kupitana namna hiyo ni kutafutana mifupa. Ndiyo maana UCI, shirikisho la dunia, wana sheria ya asilimia 80. Unachukua muda wa kiongozi katika mzunguko wa kwanza, unatafuta asilimia 80 yake, na anayeachwa na kiongozi kwa zaidi ya hapo anatolewa. Kiongozi akitumia dakika 15, mpaka ni dakika 12. Hesabu ya shule ya msingi hiyo.

Jumapili kiongozi wa wanaume alitumia dakika 18. Piga mwenyewe: mpaka ni dakika 14 na sekunde 24. Kijana mmoja wa Kaptembwa, ambaye baiskeli yake naitengeneza mimi, alimaliza mzunguko wa pili akiwa nyuma dakika 9. Tisa! Msimamizi akanyoosha mkono: "Wewe, toka, umechelewa." Hana saa ya kupimia, hana karatasi, ana filimbi na kofia. Nilikuwa palepale nimeshika chupa za maji, nikamwuliza, "Mzee, mnahesabu vipi?"

"Asilimia themanini."

"Ya nini?"

"Ya mbio."

Nikaishiwa maneno. Kijana naye alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, cheni bado inazunguka, ananitazama mimi kama ndiye niliyeandika sheria.

Hayo ni ya wanaume. Ya akina dada ndiyo yaliyonichoma. Waliachiwa dakika 2 baada ya wanaume, sawa, hilo hufanyika. Lakini wakapimwa kwa kiongozi wa wanaume! Kila kundi lina kiongozi wake na saa yake. Kiongozi wao alikuwa anatumia dakika 23 kwa mzunguko, kwa hiyo mpaka wao ulipaswa kuwa zaidi ya dakika 18 nyuma yake yeye. Dada aliyekuwa wa tatu alitolewa mwisho wa mzunguko wa pili akiwa dakika 3 tu nyuma ya huyo kiongozi. Wa tatu, jameni, anafukuzwa kwa kosa la kutokuwa mwanamume. Jukwaani wakapanda wawili, sanduku la tatu likabaki tupu, na bahasha yake ya zawadi sijui ililala wapi.

Halafu mwanzo wenyewe. Mliweka mlango wa kinjia chembamba karibu sana na mstari wa kuanzia, tena kwenye kipando chenye yale majivu ya volkano yaliyofunika kokoto. Wa mbele wanane au kumi wakapita, mmoja akateleza, wote waliobaki wakashuka kusukuma baiskeli. Kila anayepanga mbio hizi hutafuta kwanza barabara pana ya kutosha ili kundi linyooke kabla ya kubanwa. Nyinyi mkawabana, halafu mkawaadhibu kwa kuchelewa. Kuna vijana walitoka Kisumu usiku, wamelipia baiskeli nauli juu ya matatu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, kilele cha Menengai ni mita 2,278. Hewa nyembamba ya huku juu tu ilikuwa inawatosha kama mpinzani.

Nimesikia mmoja wenu akisema eti hata wangeachwa wasingeshinda. Wewe umejuaje? Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha kwenye Olimpiki ya Paris 2024, akasimama kubadilishiwa gurudumu, akarudi akampita Mfaransa Koretzky kwenye mzunguko wa mwisho na kubeba dhahabu. Sisemi kijana wetu ni Pidcock, baiskeli yake ina gia tatu zinazokataa kuingia. Nasema mbio huisha pale mstarini, haziishi kichwani mwa mtu mwenye filimbi.

Na hata mngekuwa mmehesabu sawasawa, aliyetolewa kwa sheria hiyo hajajitoa. Anamalizia mzunguko alimo, anatokea kwenye njia iliyotengwa, na anaingia kwenye matokeo kwa nafasi yake, pembeni ikiandikwa mizunguko iliyombakia. Nyinyi mmewaandika wote kwamba hawakumaliza, wengine hamkuwaandika kabisa. Kijana akienda kwa mwenye duka kuomba tairi mbili za msimu ujao, anaonyesha nini? Picha ya selfi na namba kifuani?

Ninachotaka ni vitu vitatu na sitaki pole. Toeni karatasi ya muda wa kila mzunguko, kama ipo. Rekebisheni matokeo, kila aliyetolewa awekwe alipokuwa. Na yule dada apewe nafasi yake ya tatu pamoja na bahasha.

Mliokuwa na saa za GPS au mliorekodi kwa simu pale mwisho wa mzunguko, wekeni hapa chini, hasa video ya wanawake kuanzia mzunguko wa pili. Namba zao zinasomeka vizuri, vumbi lilikuwa limetulia kidogo upande ule. Na wewe mwandaaji unayesoma kimyakimya, tunaona umeingia.