MF DOOM na vinyago feki jukwaani: alitupiga au hatukumwelewa?

Wakuu,

Nianze kwa kukiri kwamba huyu ndiye mchanaji wa hip hop ninayemsikiliza kuliko wote, kwa hiyo msinirushie mawe kabla hamjafika mwisho.

Kwa asiyemjua: jina lake halisi ni Daniel Dumile, alizaliwa London 1971, akakulia New York. Alianza kama Zev Love X kwenye kundi la KMD, yeye na mdogo wake DJ Subroc. Albamu yao Mr. Hood ilitoka 1991. Mwaka 1993 Subroc akagongwa na gari akafariki, na 1994 lebo ya Elektra ikaizuia albamu ya pili, Black Bastards, kisa mchoro wa jalada, ikamtema na yeye. Akapotea miaka. Aliporudi kuchana kwenye ukumbi wa Nuyorican Poets Café, alikuja amejifunika soksi usoni. Kinyago cha chuma kikafuata, na 1999 ikatoka albamu ya Operation: Doomsday. Kusema kweli, mtu akifufuka hivyo unamsamehe mengi.

Hili silisamehi. Kuna shoo ambazo watu walilipa kiingilio, akapanda jamaa mwingine kavaa kinyago, anafungua mdomo juu ya sauti ya rekodi. Watu wakazomea. DOOM hakukana, alijitetea kwamba yeye ni mwandishi na mwongozaji, na mhusika wake anaweza kuigizwa na mwingine.

Sasa angalia studio alikuwaje. Nyimbo za Madvillainy, albamu aliyofanya na mtengeneza biti Madlib, zilivuja mtandaoni zaidi ya mwaka mmoja kabla haijatoka 2004. Akarudi kurekodi upya mistari yake kwa sauti ya chini, ya kivivu, kama mtu anayeongea akiwa amelala chali. Sauti hiyo ndiyo iliyotukamata, kwenye vipande vifupi ambavyo vingi havina hata kiitikio. Mtu anayejua uzito wa sauti yake kiasi hicho anatumaje mdomo wa kukodi?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umesahau King Geedorah, jina lake jingine la kisanii. Take Me to Your Leader ya 2003 ni albamu yake, biti zake, ila nyimbo nyingi wanachana watu wengine. Mbona hapo hukulia? Kinyago kilikuwa na kazi moja, uache kumtazama mtu usikilize mistari. Ukienda ukumbini kutafuta sura, yeye hakukuahidi sura.

Mchangiaji wa pili: Mistari ipi ya kusikiliza wakati inatoka kwenye rekodi? Hiyo ninayo nyumbani.

Mleta mada: Hoja ya King Geedorah imenibana, nakiri. Nimeirudia albamu yote jana usiku ndipo nikaona tofauti. Mle wageni wametajwa wimbo kwa wimbo, hata kama wengi ni kwa majina ya mazimwi. Ukiinunua unajua nani anachana wapi. Yule wa jukwaani hakutajwa popote, na kuzomewa akazomewa yeye. Tangazo lingesema "leo DOOM anaigizwa", ningelipa, tena kwa hamu.

Mchangiaji wa kwanza: Ungelitangaza hilo ungeua mchezo wenyewe. Huyu jamaa alifariki tarehe 31 Oktoba 2020, dunia ikaambiwa tarehe 31 Desemba. Miezi miwili hakuna aliyejua. Kujificha ndiko kulikuwa kazi yake, wewe unadai aweke bango mlangoni.

Mleta mada: Familia kufiwa kimya kimya ni haki yao, hakuna aliyewauzia tiketi ya msiba. Mimi nazungumzia mlangoni pale, pesa inapopokelewa. Hapo bado hujanijibu.