Mume amenikatalia talaka: nianzie wapi hapa Tanga?

Swali: Assalaam alaykum. Nimeolewa miaka tisa, ninaishi Ngamiani, na mume wangu amekataa kuniacha. Naomba kujua utaratibu na gharama, kwani sina kazi ya mshahara.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Usikimbilie mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwanza mpite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, ambayo haipaswi kuwa imepita miezi 6 siku unapofungua shauri. Nimeshuhudia shauri likiondolewa kwa kukosa hati hiyo, na ada ikapotea.

Jibu: Mwanangu, Mahakama ya Mwanzo inatosha, wala hulazimiki kuweka wakili. Kila ada unayolipa, dai risiti ya serikali. Tafuta pia msaada wa kisheria, ambao chini ya sheria ya mwaka 2017 hutolewa bure kwa wasio na uwezo. Na mtu asikuambie kwamba huna haki katika mali: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Jumatatu nitakwenda barazani.