Tupeane uzoefu: umewahi kupimwa kwa sifa ya Kusini kabla hujafungua mdomo?

Wakuu, naanza mimi. Barua ya uhamisho ilipotoka, Mwanza kwenda Mtwara, wenzangu ofisini walinipa pole kama nimefiwa. "Umekosana na nani?" Mmoja akanishauri nizindikwe kabla sijavuka Rufiji. Familia nikaiacha. Miezi minane nakula pweza peke yangu Shangani, mke wangu kule anaamini naishi na majini. Alipokuja likizo akagoma kurudi, mpaka leo tupo. Kilichoniuma ni kazini. Kila aliyehamishiwa huku alijiona mfungwa, anahesabu siku za kuondoka, mafaili yanalala. Halafu kwenye ripoti tunaandika mwamko wa wananchi uko chini.

Mwana wa Lindi: Mimi Mmachinga, na simaanishi wa kutembeza soksi. Ni kabila, tupo Lindi. Kwenye usaili Dar, kazi ya karani wa mahesabu, wakaniuliza kabila. Nikajibu. Mzee mmoja akasema, "Tumekuuliza kabila, siyo biashara." Wakacheka, nami nikacheka, ningefanyaje na njaa ile? Kazi nikapewa, lakini ya kusambaza bidhaa mitaani, eti nyie mmezaliwa nayo. Cheti cha uhasibu kikakaa kwenye bahasha miaka 3.

Kiwanja Chuno: Mnakumbuka enzi za gesi? Kila kijiwe Mtwara inakuwa Dubai. Nikauza bajaji, nikanunua kiwanja kwa bei ambayo hata mke wangu simwambii. Likaja suala la bomba kwenda Dar, tukasema gesi haitoki. Na sisi tulikuwa na yetu: wengi tuliamini ikishaingia bombani ndiyo basi, Mtwara tumebaki na mashimo. Mei 2013 bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji ukawaka. Wiki hiyo nilikuwa Dar kufuata vipuri. Ndani ya daladala nasikia watu wa Mtwara wabinafsi, wajinga, wametumwa na wanasiasa. Abiria wote wanatujua, na hakuna hata mmoja aliyejua tuliahidiwa nini. Nikanyamaza, lafudhi isije ikaniponza. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, kilomita zaidi ya 500. Kiwanja? Nimepanda mihogo.

Binti Newala: Yangu ni ya mama. Msimu wa 2018 wanunuzi walipogomea bei, Serikali ikasema itanunua korosho yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Tukapiga vigelegele. Kabla ya malipo ukaja uhakiki wa kuwasaka kangomba, wale wanaowanunulia wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo. Mama ni mjane, mikorosho kaachiwa na bibi. Kwetu Wamakonde urithi wa upande wa mama si jambo la ajabu. Waliokuja kuhakiki wakatazama ndala zake, wakatazama magunia. "Mama, hizi za nani?" Zangu. "Mume yuko wapi?" Akaandikwa pembeni. Kesho yake mjomba akawatembeza kwenye mipaka ya shamba lilelile, mikorosho ileile, wakasaini. Hela ilikuja, wenzake wameshazimaliza. Mpaka sasa kuna kijana pale chama cha msingi anamwita Mama Kangomba. Anaitika. Mimi ndiyo siwezi.

Nahodha Mstaafu: Poleni, ila tuseme na yetu. Mbona hamsemi sisi tunavyowaona wakuja? Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa mtumishi wa kuhamia, mtu wa kanda ya ziwa. Nikajua huyu ana posho, nikampa kodi mara mbili ya wengine. Akalipa bila kubisha, nikasema si unaona! Baadaye mwenye duka akaniambia jamaa alikuwa anakopa mpaka unga.

Mleta mada: Nahodha, hiyo nyumba si ya Magomeni, yenye mwembe uani? Njoo inbox, mzee wangu. Tuna hesabu.