Cong za Liangzhu zilitobolewaje bila chuma?

fundi_vito: Wadau, zile cong za jiwe la jade za Liangzhu, utamaduni wa kale wa karibu na Hangzhou, China (takriban 3300–2300 KK): mraba kwa nje, tundu la duara katikati. Walizichongaje, na zilikuwa za nini?

Mzee Keekee: Ondoa neno "kuchonga", mkuu. Jade ya nefraiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5 kwa kipimo cha Mohs, na haipasuki kirahisi. Ilisagwa. Jiwe lilikatwa kwa kamba iliyolowa maji na mchanga wa kwarizi (ugumu 7). Kamba hupinda, kwa hiyo huacha mikwaruzo ya nusu duara. Tundu lilitobolewa kwa keekee ya bomba, pengine mwanzi, na mchanga uleule, kutoka pande zote mbili. Zisipolingana, katikati hubaki ukingo. Ukiingiza kidole unausikia. Mchanga ukikauka, bomba ndilo linaloliwa, si jiwe.

bint_makavazi: Matumizi: nyingi zimetoka makaburini. Kaburi namba 12 la Fanshan, eneo la makaburi ya Liangzhu, lililofukuliwa 1986, lilikuwa na cong ya kilo 6.5 yenye kimo cha sentimita 8.9 tu, imechorwa mtu mwenye taji la manyoya juu ya mnyama wa macho makubwa.

fundi_vito: Na ile habari ya bi (sahani ya jade yenye tundu) kwa mbingu, cong kwa ardhi?

bint_makavazi: Hiyo ni ya Zhouli, kitabu cha kale cha Kichina cha taratibu za ibada na utawala, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,500 baadaye. Usiwavishe watu wa Liangzhu imani hiyo.