Mvule mbovu wa jirani juu ya paa langu (Bugembe, Jinja, Uganda): nianzie wapi?

MkaziBugembe

Wakuu, salaam. Kwenye kiwanja cha jirani, mita 6 kutoka ukuta wa nyumba yangu, kuna mvule mkubwa. Mzingo wa shina usawa wa kifua ni mita 3.4. Chini, upande unaotazama kwangu, lipo shimo ambalo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko, na mvua ikinyesha huota hapo uyoga mgumu wa kahawia kama mkate uliokauka. Tawi moja nene kama paja, halina majani, limepita juu ya mabati ya chumba cha watoto. Waya wa umeme wa nyumba za nyuma unapita chini ya tawi jingine.

Mzee mwenye mti nimemwendea mara mbili. Anasema ulipandwa na baba yake, haujamwangukia mtu, na anayeuogopa autoe kwa pesa zake. Mvua za Machi zinakaribia. Naruhusiwa kukata hilo tawi mwenyewe? Gharama ni za nani? Na je, LC1 (baraza la kijiji) inatosha au niende kwa hakimu moja kwa moja?

FundiMsumeno

Kabla ya sheria, hakikisha mti ni mbovu kweli, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Mvule hupukutisha majani kiangazi. Tawi tupu mwezi wa Januari si ushahidi wa chochote. Kwaruza gamba la kijitawi kwa kisu: kikiwa hai utaona kijani na utomvu mweupe kama maziwa unachuruzika. Kikiwa kahawia na kinakatika kwa mlio mkavu, kimekufa. Kama hulifikii tawi, ngoja mti uchipue. Litakalobaki tupu wakati wenzake wamevaa majani, hilo ni la kuondoa.

Shina: chukua nyundo ya mti au rungu, gonga kuzunguka shina lote kwa urefu wa goti, kiuno na bega. Mti usiooza hutoa mlio mfupi, mzito. Penye uvungu utasikia kama unagonga pipa. Weka alama ya chaki kila mlio unapobadilika, kisha piga picha. Sasa hesabu. Mzingo wa mita 3.4 ukigawanya kwa 3.14 ni kipenyo cha sentimita 108 hivi, nusu yake 54. Watu wa miti hutaka unene wa mti usiooza uliobaki kuzunguka uvungu uwe angalau theluthi ya hiyo nusu, yaani sentimita 18 hapa, bila kuhesabu gamba. Hicho ni kipimo cha uvungu uliofungwa pande zote. Wako una mdomo wazi, na shina lenye mdomo hupasuka mapema zaidi, kama mwanzi uliochanwa upande mmoja. Kwa hiyo hata sentimita 20 zisikutulize. Unene hupimwa kwa keekee ndefu ya seremala, tundu mbili tatu tu, na kwa ruhusa ya mwenye mti.

Uyoga mgumu kwenye kitako ndio unaonitia wasiwasi kuliko tawi. Maana yake mizizi au kitako kinaoza kwa ndani, na mti wa namna hiyo huanguka ukiwa na majani mabichi kabisa.

Angalia pia udongo. Ukiona ufa uliopinda kama mwezi mchanga upande ulio kinyume na mti unakoegemea, au ardhi inapanda na kushuka upepo ukivuma, watoto wasilale chumba kile tena, hata kama barua bado haijaandikwa.

Urefu: simamisha kijiti cha mita 1, pima kivuli chake na kivuli cha mti saa ileile. Kijiti kikitoa mita 0.8 na mti mita 20, mti una mita 25. Hapo nyumba yako yote imo ndani ya eneo la kuangukiwa.

WakiliWaKona

Kuhusu tawi. Sheria yetu ya madhara kati ya majirani imetoka Uingereza, na kule tangu kesi ya Lemmon v Webb (1895) ni wazi kwamba unaweza kukata matawi yaliyoingia kwako bila hata kutoa taarifa, ila kwa masharti: usikanyage kwake, usivuke mpaka hata kwa sentimita, na ulichokata ni chake. Tawi la mvule ni mbao, ukilichoma kuni anaweza kukudai. Ukivuka mpaka na kukata shina, hiyo ni jinai ya kuharibu mali kwa makusudi, na atakayekuwa na kesi polisi ni wewe.

Lakini haki hiyo si sababu ya kupanda juu ya mti mbovu wewe mwenyewe. Mwachie fundi.

Gharama ndiyo kiini. Mwenye mti hawajibiki kwa kila tawi linaloanguka. Katika Noble v Harrison (1926) tawi la mti lilivunjika likaangukia basi. Lilikuwa na ufa uliofichika, mwenye mti hakuujua na hakuwa na namna ya kuujua, akashinda kesi. Katika Leakey v National Trust (1980) wenye ardhi walikuwa wanajua hatari ya udongo unaoporomoka, wakawajibika, kwa sababu anayejua hatari ya asili iliyo kwenye ardhi yake lazima achukue hatua za busara kulingana na uwezo wake. Kesi hizi haziwafungi mahakimu wetu, lakini husikilizwa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumfanya mzee *ajue*, na ionekane kwamba alijua. Mara mbili ulizomwendea kwa mdomo atazikana asubuhi. Andika barua: tarehe, mahali mti ulipo, mzingo, umbali hadi ukutani, shimo na uyoga na tawi, picha zenye utepe wa kupimia ndani yake, unachomwomba, na siku 14 za kujibu. Nakala moja kwa mwenyekiti wa LC1, nyingine kwa afisa misitu. Asaini kupokea. Akikataa, mpelekee mbele ya shahidi, shahidi aandike kwenye nakala yako siku na saa ilipoachwa. Lugha iwe anayoisoma mzee. Barua ya kiingereza cha mahakamani kwa mzee wa Kisoga ni uchokozi.

Jambo moja kabla ya yote: hakikisha shina liko kwake. Likiwa juu ya mstari wa mpaka ni mali yenu wote wawili, na hakuna anayeweza kulikata peke yake. Na kama anayeishi pale ni mpangaji, barua iende kwa mwenye kiwanja.

KijanaMasese

Mnazunguka sana. Usiku mmoja, toboa mashimo kwenye mizizi iliyoingia kwako, mimina dizeli na chumvi. Mwezi wa sita mti umekauka, mzee mwenyewe atauomba ukatwe.

FundiMsumeno

@KijanaMasese, huo ndio ushauri unaoua watu. Mti uliokufa ni hatari kuliko mgonjwa. Matawi yanakuwa kama chaki, mizizi inaoza bila dalili juu, na hakuna mpandaji mwenye akili atakayefunga kamba yake hapo. Kazi ya kamba inageuka kazi ya mashine ya kreni, na mwambie mkazi wa Bugembe kreni itapita uchochoro gani.

Kukata mizizi nako ni vilevile. Karibu na shina, tuseme ndani ya mara tatu hadi tano ya kipenyo (kwa mti huu mita 3 hadi 5), ile ndiyo mizizi inayoushikilia usianguke. Ukiikata upande wako, mti utaegemea upande wa pili, kwa mzee, na wewe ndiye utakayelipa nyumba yake.

KatibuWaKijiji

Nijibu la LC1, maana watu hulitarajia makubwa au hulidharau. Mahakama za LC zinafuata sheria ya mwaka 2006. Uharibifu wa mali unaingia kwao, lakini thamani isizidi pointi 100 za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo milioni 2. Nyumba ikishabomoka umepita kiwango hicho. Na mwenyekiti peke yake si mahakama, hata akiwa na muhuri. Wajumbe wakae, mambo yaandikwe.

LC1 inafaa *kabla* mti haujaanguka: kuwaita wote wawili, kwenda kuuona mti pamoja, kupatanisha, kuandika makubaliano. Mzee aliyemkatalia jirani uani kwake huona haya kukataa mbele ya wazee wenzake waliokwisha kuingiza mkono kwenye lile shimo. Waombe wauingize.

Ikishindikana, rufaa za LC hupanda LC2, LC3, kisha hakimu mkuu. Lakini kwa hatari iliyo wazi usizunguke huko. Nenda kwa hakimu kuomba amri ya kumtaka aondoe hatari. Kama huna wakili, tafuta msaada wa bure wa kisheria, kwa mfano Justice Centres Uganda.

Na afisa misitu usimruke. Mvule ni mti wenye macho mengi juu yake. Aje aukague, aandike kwamba ni hatari, atoe ruhusa. Bila karatasi hiyo mbao zitakamatwa njiani, maana kusafirisha mbao kunahitaji kibali. Tena ripoti ya mtu wa tatu asiye na ugomvi na yeyote inamaliza nusu ya maneno.

MkaziBugembe

Asanteni sana. LC walikaa Jumamosi na afisa misitu alikuja. Mzee amelainika, ila ameleta fundi anayesema atakata bure, alipwe kwa mbao. Nikubali?

FundiMsumeno

Hapo ndipo mabati yanapopondwa. Fundi anayelipwa kwa mbao anataka gogo refu, kwa hiyo atataka kuuangusha mzima. Wewe unataka vipande vifupi vinavyoshuka kwa kamba. Faida yake na usalama wako vinavutana. Juu ya hapo, kitako kina uvungu. Mti huangushwa kwa kukata mdomo (pengo la kabari) upande unaotaka uangukie, kisha mkato wa nyuma, katikati ukiacha bawaba, yaani ukanda usiokatwa wa mti usiooza, unene wake kama sehemu ya kumi ya kipenyo. Bawaba ndiyo inayouelekeza. Kwenye uvungu hakuna bawaba, na mti unajichagulia pa kulala.

Basi kubali mbao ziwe malipo, ila kwa utaratibu huu. Kwanza matawi yote yaliyo juu ya nyumba yanashuka kwa kamba, kipande kwa kipande, mpandaji akiwa amejifunga kwenye sehemu nzima ya mti. Kamba iwe ya nailoni au poliesta, milimita 14 hadi 16. Ya katani ikilowa na kukauka mara chache imekwisha. Tawi zito lina mikato mitatu: wa chini kwanza, theluthi ya unene, sentimita 30 kutoka shinani, wa juu, mbele kidogo ya ule kuelekea ncha ya tawi, na kisiki kinachobaki mwisho. Ukianza juu tu, tawi linachana gamba na kumfuata mpandaji. Shina likishabaki kama nguzo ndipo muamue. Kama uwanja wa mzee una nafasi wazi kuzidi urefu uliobaki, liangushwe huko, kamba ya kuvutia ikiwa imefungwa juu na mkato ukiwa juu ya sehemu yenye uvungu. Kama nafasi haipo, literemshwe vipande, fundi apate mbao fupi, na tofauti ya pesa mchangie.

Mwambieni pia kwamba mvule mkongwe huficha mawe ndani, chokaa iliyoganda, na mnyororo ukigonga jiwe unaisha meno papo hapo. Aje na minyororo ya akiba, asije akaacha mti umekatwa nusu hadi kesho. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Watoto na nguo za kwenye kamba ziondoke siku hiyo.

KatibuWaKijiji

Makubaliano yaandikwe kabla msumeno haujawaka: nani anachukua mbao, nani kuni, nani anasafisha, kisiki kibaki urefu gani, na nani analipa bati, ukuta au choo kikivunjika. Hilo la mwisho liandikwe kwa jina la mtu, si "pande zote zitaelewana". Na kwa kuwa mzee anasema mti ni wa marehemu baba yake, ndugu zake wakubwa wasaini pia. Vinginevyo mmoja atatokea Iganga siku mbao zinapakiwa kwenye lori.

WakiliWaKona

Na ule waya. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 nyaya za usambazaji ziko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali; kampuni iliyoitwa Umeme ilishaondoka, kwa hiyo namba ya zamani iliyobandikwa kwenye mita isikupotezee muda. Nenda ofisini kwao na barua ya afisa misitu, omba wakate umeme na kuushusha waya siku ya kazi. Fundi wa nyumba asipande kuukata, na hakuna tawi linaloguswa upande ule kabla hawajafika. Wakichelewa, kazi ianzie upande wa nyumba yako na tawi la waya lisubiri.

MkaziBugembe

Nimeelewa. Jumatatu naenda UEDCL, jioni tunasaini kwa mwenyekiti. Chumba cha watoto tumeshakihama.